Tunamchagua Mtoa Saruji, Tunamhitaji Mshika Daftari

Uchaguzi wa viongozi wa walei, yaani waumini wasio mapadre wala watawa, katika kigango chetu, tawi la parokia, ulifanyika Jumapili moja ya mwezi wa sita, baada ya misa, baridi ya Mbeya ikiwa imekaza kiasi kwamba wazee hawakuvua makoti mpaka mwisho. Katekista alisimama mbele na karatasi yake, akaomba mapendekezo ya jina la mwenyekiti. Hata hajamaliza kusema, sauti ya mama mmoja ikatoka benchi la nyuma: "Si yule aliyetupa mifuko hamsini!" Kanisa zima likacheka, makofi yakalia, na uchaguzi ukawa umekwisha. Majina mengine mawili yaliyoandikwa ubaoni yalikuwa ya kusindikiza tu.

Mifuko hiyo hamsini ilikuwa ya saruji. Msingi wa nyumba ya mapadre ulikuwa umelala mwaka mzima, nyasi zimeota katikati ya mawe, na yule bwana, mfanyabiashara wa pembejeo, alileta lori lake bila kubembelezwa. Alistahili shukrani, na alishukuriwa. Nami nilipiga makofi. Tulipokosea ni pale tulipoamua kumshukuru kwa kumpa kazi ambayo hakuwa na muda nayo wala hakuiomba. Katika miaka mitatu ya uongozi wake alihudhuria vikao ninavyoweza kuvihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Daftari la mapato lilikaa jeupe kuanzia Kwaresima hadi Majilio. Na hakuna aliyeuliza, maana nani atamuuliza mtu aliyetoa mifuko hamsini kuhusu laki tatu za mavuno?

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Tunawachagua walei wa kusimamia mali ya parokia kwa kuangalia mkono unaotoa, wakati kazi yenyewe inataka mkono unaoandika na mdomo unaouliza. Tena mtoaji mkubwa ndiye mtu mgumu kuliko wote kuulizwa, na yeye mwenyewe huona aibu kuwauliza wengine, asije akaonekana anadai malipo ya ukarimu wake.

Kwanza tujue tunazungumzia kazi gani. Neno mdhamini kwetu lina sura nyingi. Kuna mdhamini wa mahakamani anayekutoa rumande kwa barua ya mtendaji wa kata, kuna mdhamini wa mkopo anayejificha ukichelewa marejesho, na kuna wadhamini wa taasisi, wale wa bodi. Hawa wa mwisho ndio wenye uzito katika mali ya Kanisa. Kwa sheria ya Tanzania inayohusu wadhamini, Sura ya 318, taasisi ya dini inaweza kuteua wadhamini wake na kuwaombea usajili kwa Kabidhi Wasii Mkuu, afisa wa serikali ambaye siku hizi ofisi yake iko RITA, ile ile tunayoijua kwa vyeti vya kuzaliwa. Wakishasajiliwa, wadhamini hao wanakuwa kama mtu mmoja asiyekufa: wana mhuri wao, wanamiliki ardhi, wanashtaki na kushtakiwa. Mzee akifariki au askofu akistaafu, mali haiingii kwenye mirathi ya mtu.

Kwa Wakatoliki wa nchi hii, wadhamini wa namna hiyo kwa kawaida wako jimboni. Hawako parokiani. Kwa hiyo mwenyekiti wetu wa mifuko hamsini, pamoja na fulana yake iliyoandikwa kifuani, mbele ya serikali hana hata inchi moja ya kiwanja kilipo kiti chake. Wala paroko, padre msimamizi wa parokia, hana.

Ukigeukia Sheria za Kanisa za mwaka 1983, mambo yanakuwa na upande mwingine. Humo parokia yenyewe ni nafsi ya kisheria, kanuni ya 515. Mali iliyopatikana na parokia kihalali ni ya parokia, na paroko ndiye anayeiwakilisha katika mambo yote ya kisheria, kanuni ya 532. Kwa hiyo kiwanja kimoja kina milango miwili: ukiingia kwa mlango wa serikali unamkuta mdhamini wa jimbo, ukiingia kwa mlango wa Kanisa unaikuta parokia na paroko wake. Mlei anayedhani amechaguliwa kuwa mmiliki amepotea njia milango yote miwili. Lakini anayedhani kwamba, kwa kuwa si mmiliki, basi hana kazi, huyo amepotea zaidi.

Naomba nieleze kisa kimoja, maana ndicho kilichonifungua macho. Kigango kimoja cha huku juu, sitakitaja, kilijengwa kwenye shamba alilotoa mzee mmoja muumini. Alitoa kwa mdomo, mbele ya watu, akapigiwa vigelegele. Mzee akafa. Mji ukasogea, barabara ikaja, bei ya viwanja ikapanda. Siku moja wajukuu wakaja na mpima wa mtaani, wakaanza kuchomeka vigingi kuanzia nyuma ya sakristia. Paroko wa wakati huo alikuwa na miezi minne tu parokiani, hajui hata jina la mzee. Jimboni hapakuwa na karatasi, kwa sababu hakuna aliyewahi kupeleka. Kilichotuokoa ni mwalimu mstaafu, katibu wa zamani wa kigango, mtu mkimya ambaye hata siku moja hakupigiwa makofi na mtu. Alikuwa na sanduku la bati chini ya kitanda. Akatoa daftari la shule, lile la kurasa themanini, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Ndani yake kulikuwa na muhtasari wa kikao cha siku ile: mipaka imetajwa kwa miti na kijito, majirani watano wamesaini, wawili kwa dole gumba, na balozi wa nyumba kumi ameandika jina lake kwa mwandiko wa kulalia upande.

Kwenye kikao cha ofisi ya kijiji daftari lile lilisomwa mara tatu. Wajukuu hawakukubali yote, na mwisho wa yote tulipoteza ukanda wa upande wa chini, pale palipokuwa na miti ya milingoti, kwa sababu muhtasari ulisema "hadi kwenye miti" na miti yenyewe ilikuwa imeshakatwa. Lakini kanisa lilibaki, na nyumba ya katekista, na kisima. Mapadre sita walikuwa wamepita pale tangu siku ya vigelegele. Mwalimu alikuwa mmoja.

Hii ndiyo maana ya mlei mdhamini, hata kama sheria haimwiti hivyo. Padre anahamishwa, na ni vizuri ahamishwe. Mlei anabaki. Anajua kigingi kiko wapi, nani aliahidi nini, mabati ya shule ya chekechea yalinunuliwa kwa fedha ya nani, na trekta lililoharibika lilikwenda gereji gani. Kumbukumbu ya parokia haiko kwenye kabati la ofisi ya paroko. Iko kwa watu, na inafaa ihamie kwenye karatasi kabla watu hao hawajazikwa.

Na jambo hili lina uharaka wake huku kwetu, kwa kuwa ramani ya Kanisa katika Nyanda za Juu Kusini imebadilika mara mbili ndani ya miaka michache. Desemba 2018 Mbeya ilipandishwa kuwa Jimbo Kuu, Askofu Gervas Nyaisonga akawa Askofu Mkuu wake wa kwanza, Iringa na Sumbawanga zikawa majimbo yaliyo chini yake. Desemba 2023 likazaliwa Jimbo la Mafinga, likikatwa kutoka Iringa. Jimbo linapogawanywa, waumini huimba na kucheza, kengele hupigwa, lakini hati ya shamba haihami yenyewe. Kama parokia iliandikwa chini ya wadhamini wa jimbo mama, lazima mtu akae chini na orodha: kiwanja hiki, shamba lile la miti, zahanati, gari, akaunti. Orodha hiyo haiwezi kutengenezwa makao makuu na mtu ambaye hajawahi kukanyaga kigango cha mwisho kule ambako pikipiki inasukumwa. Sheria za Kanisa zenyewe, kanuni ya 1283, zinamtaka msimamizi wa mali atengeneze orodha kamili iliyosainiwa kabla hajaanza kazi, na nakala moja ibaki kwenye hifadhi ya usimamizi wake, nyingine iende kuria, yaani ofisi kuu ya jimbo. Nimeuliza viongozi wa walei wa parokia kadhaa, kwa urafiki tu, kama wamewahi kuiona orodha hiyo. Wengi walidhani naulizia orodha ya wanaodaiwa zaka.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo, kwangu, ndilo kiini, na ambalo hata wasomi wetu wa semina za walei hulipita haraka. Ukimuuliza Mkatoliki wa kawaida wa Mbeya au Njombe chombo kikuu cha walei parokiani ni kipi, atakwambia halmashauri ya walei: mwenyekiti, makamu, katibu, mweka hazina, wajumbe wa kanda, wawakilishi wa WAWATA, UWAKA na VIWAWA, vyama vya wanawake, wanaume na vijana. Ukimuuliza kamati ya fedha, atafikiri kidogo, kisha atasema ipo, iko chini ya halmashauri. Sheria za Kanisa zimepanga kinyume. Baraza la kichungaji la parokia, ambalo kazi yake kwetu imebebwa na halmashauri, linaundwa kama askofu ataona inafaa. Ndivyo kanuni ya 536 inavyosema, na kura yake ni ya ushauri tu. Baraza la mambo ya fedha, kanuni ya 537, ni lazima liwepo katika kila parokia. Kila parokia, pamoja na ile ya vumbi yenye vigango kumi na saba na padre mmoja. Mwaka 2020 Vatikani, kupitia idara yake ya makleri, yaani mapadre na mashemasi, ilifafanua kwamba liwe na wajumbe wasiopungua watatu, paroko akiwekwa nje ya hesabu hiyo, ingawa ndiye anayeliongoza.

Kwa hiyo tumekipa chombo cha hiari kampeni, makofi na fulana, na kile cha lazima tumekifanya kuwa kijikamati cha kuhesabu sadaka. Sielewi vizuri tulifikaje hapa. Dhana yangu ni kwamba tulirithi halmashauri wakati wa kuhamasishana kujenga, jumuiya ndogo ndogo zilipoanza kushika kasi miaka ya 1970 baada ya maaskofu wa Afrika Mashariki kuzifanya kipaumbele. Uhamasishaji ulihitaji wasemaji, watu wa kupanda jukwaani. Tukazoea kuchagua wasemaji. Fedha zilikuwa kidogo, na nyingi zilitoka ng'ambo kupitia wamisionari, ambao waliziweka kwenye vitabu vyao. Leo fedha inatoka kwetu, inatoka kwenye gunia la viazi la Uporoto na parachichi la Rungwe, na bado tunachagua wasemaji.

Tofauti ya kuchagua ni hii. Wajumbe wa halmashauri wanawakilisha watu, hivyo inafaa watoke kwa watu: jumuiya ichague, kanda ichague, kigango, parokia. Kura ya siri ikiwezekana, si kunyoosha mikono mbele ya mwajiri wako. Wajumbe wa fedha hawawakilishi mtu. Wanaitwa kwa sababu ya kile wanachokijua na kwa sababu hawanunuliki. Unahitaji mtu mmoja anayejua kusoma taarifa ya benki, mmoja aliyewahi kusimamia ujenzi na anajua nondo ya milimita kumi na mbili haigeuki kuwa ya kumi kwa bahati mbaya, na mmoja anayejua kuandika barua ya kukataa. Hawa kura ya makofi haiwapati. Inafaa paroko awateue kwa kufuata taratibu za askofu, baada ya kuzisikiliza jumuiya, na majina yasomwe kanisani wiki mbili kabla ili mwenye neno aseme. Kwenye ndoa tunatangaza mara tatu. Kwa nini mtu wa kushika fedha za watu elfu tatu atangazwe siku ile ile anayoapishwa?

Na undugu. Kwa baraza la fedha la jimbo, kanuni ya 492 inawafungia mlango ndugu wa askofu wa damu na wa ndoa hadi ngazi ya nne. Kwa parokia sijaona maneno makali kiasi hicho, lakini akili ile ile inatosha. Kama mweka hazina ni shemeji wa mwenyekiti na fundi wa nyumba ya mapadre ni mdogo wake mweka hazina, hata wakiwa watakatifu, mnawasingizia wizi kila siku bila sababu. Mnawaonea.

Kuna watakaosema ninaleta siasa, kwamba Kanisa si bunge. Ni kweli si bunge, na wapo waliojaribu kulifanya bunge wakaumia. Wamarekani walishalipa ada ya somo hili. New York, kwa sheria ya mwaka 1784, waumini wa kanisa lolote waliruhusiwa kuchagua wadhamini wao, na wadhamini hao ndio wakawa wenye mali mbele ya serikali. Wakatoliki wa St. Peter's, mtaa wa Barclay, wakajisajili hivyo mwaka uliofuata. Haikuchukua muda wakagawanyika juu ya mapadre wawili, Charles Whelan na Andrew Nugent, kwa sababu mtu akishaona hati ya kanisa iko mfukoni mwake, hatua inayofuata ni kuona ana haki ya kuamua nani asimame altareni. Philadelphia mambo yalikuwa mabaya zaidi. Katika kanisa la St. Mary's wadhamini walimng'ang'ania padre William Hogan, ambaye Askofu Henry Conwell alikuwa amemsimamisha, na mwaka 1822 uchaguzi wa wadhamini uliishia kwa watu kupigana nje ya kanisa. Mwaka 1826 askofu akachoka, akakubali kuwapa wadhamini sauti katika uteuzi wa mapadre. Roma ikaukataa mkataba huo mwaka uliofuata.

Dawa waliyoipata New York mwaka 1863 inanivutia. Kila parokia ikawa shirika la watu watano: askofu, makamu wake, paroko, na walei wawili. Walei hao huteuliwa na wale watatu. Wisconsin walifuata umbo lile lile la watano, ila wale wawili huchaguliwa na waumini, mmoja katibu na mwingine mweka hazina. Piga hesabu mwenyewe: watatu kwa wawili. Walei hawawezi kushinda kura hata siku moja kama makleri wameshikamana. Lakini wamekaa mezani pale karatasi inaposomwa, na majina yao yako kwenye karatasi hiyo. Wanajua. Na kujua, kwa mtu mwenye jirani wa kumsimulia, ni aina ya nguvu.

Simtamani Hogan, wala sitaki uchaguzi wa ngumi. Hati zikae jimboni, na paroko aendelee kuwa msimamizi. Mpango huo umelinda viwanja vingi vya Kanisa dhidi ya wajanja wa mtaani, wakiwemo wajanja wanaokaa benchi la mbele. Ninachotaka ni kidogo kuliko kura, na pengine ndiyo maana kinaogopwa zaidi. Nataka hesabu isomwe.

Kanuni ya 1287, sehemu yake ya pili, inasema wasimamizi wawatolee waumini hesabu ya mali ambazo waumini wenyewe wameitolea Kanisa, kwa kufuata taratibu za mahali. Kanuni ya 1267 inasema sadaka iliyotolewa kwa lengo fulani itumike kwa lengo hilo tu. Hii ya pili ndiyo inayovunjwa kwa tabasamu. Fedha ya madirisha inakopwa kurekebisha gari la parokia, kwa sababu gari limekufa kweli na mgonjwa anasubiri mpako wa wagonjwa kweli. Nani atakataa? Inakopwa, hairudi, na mwaka unaofuata linatangazwa changizo la madirisha kwa mara ya pili. Waumini hawasemi kitu. Wanapunguza tu. Bahasha iliyokuwa na elfu tano inakuja na elfu moja, na paroko anahubiri juu ya imani iliyopoa. Imani haijapoa. Watu wamefanya ukaguzi wao wa kimyakimya na wamekata hati yenye shaka.

Na uliza hivi: watu hawa hawa hawajui kusimamia fedha? Njoo kwenye kikundi chochote cha VICOBA, vile vya kuweka na kukopa, Jumatano jioni, Ilemi au Igurusi. Utakuta sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa wanawake watatu wasiokaa nyumba moja. Anayehesabu si anayeandika, anayeandika si anayefungua. Kila hisa inasomwa kwa sauti, na mama asiyejua kusoma anakumbuka kwa kichwa salio la wiki iliyopita na atakusimamisha ukikosea mia mbili. Kisha Jumapili akina mama hawa hawa wanaingia kanisani, wanatoa, na fedha inakwenda sakristia kwenye mfuko wa rambo, inahesabiwa na yeyote aliyebaki, inalala kwa mtu hadi siku atakayoshuka mjini benki. Siku hizi kuna lipa namba imebandikwa mlangoni. Vizuri. Lakini ukilipa, simu inakuonyesha jina la mpokeaji. Je, linatokea jina la parokia au la mtu? Mimi nimewahi kuona la mtu. Nilipouliza, niliambiwa ni kwa muda, mpaka taratibu zikamilike, na nikatazamwa kama niliyepiga chafya wakati wa mageuzo.

Hilo jicho ndilo linalotuumba jinsi tulivyo. Tumelelewa kwamba padre ni baba, na baba haulizwi chakula kimetoka wapi. Ninaliheshimu hilo, sitaki mtoto wangu aongee na padre kama anaongea na kondakta wa daladala ya Mbalizi. Ila kuna namna ya kuuliza. Wazee wa huku wanaijua: unakwenda jioni, unabisha hodi, "Tumsifu Yesu Kristo, Baba," unaulizia hali, unakunywa chai, ndipo unasema kuna neno linawasumbua watu. Kanuni ya 212 inawapa waumini haki, na wakati mwingine inawapa wajibu, wa kuwaambia wachungaji wao wanachofikiri kwa manufaa ya Kanisa, kwa heshima. Na kusema kweli mapadre wengi ninaowafahamu wangefurahi. Padre kijana aliyetoka seminari na falsafa na teolojia yake hakufundishwa kusimamia ujenzi wa milioni mia na ishirini. Anapewa, anaogopa kusema hajui, na halmashauri yenye wasemaji inampigia makofi mpaka hesabu zinagoma. Mtu wa kumwambia "Baba, hapa tusisaini kwanza" ni zawadi kwake kuliko mifuko ya saruji.

Oktoba 2024 Sinodi, mkutano wa maaskofu na wajumbe wengine wa Kanisa, ilipofunga kazi yake Roma, hati yake ya mwisho ilisisitiza kwamba vyombo vya ushirikishwaji vifanywe vya lazima, na ikataka mabaraza ya fedha yafanye kazi kweli, pamoja na taarifa ya fedha ya kila mwaka. Huku kwetu hati hiyo imehubiriwa zaidi kama suala la kutembea pamoja. Kutembea ni kuzuri. Kuna ukurasa wa hesabu pia.

Nirudi kigangoni. Mwaka huu uchaguzi umefika tena, na kwa bahati katibu wa sasa ni mama mjane wa jumuiya yetu, mwenye daftari la VICOBA kwa miaka minane. Hakuchaguliwa kwa makofi. Alisukumiwa kazi katikati ya kipindi baada ya katibu wa kwanza kuhamia Makambako. Jumapili iliyopita, wakati wa matangazo, aliomba nafasi. Sauti yake ndogo, kipaza sauti kinakwaruza. Akasema kabla ya kupendekeza majina, angependa kusoma ahadi za mnada wa mavuno ambazo hazijalipwa. Mnajua mnada wetu: kuku mmoja anapandishwa kwa sifa mpaka elfu arobaini, mshindi anapigiwa vigelegele, kuku anabebwa, na fedha inafuata "wiki ijayo". Akasoma. Jogoo mwekundu, elfu arobaini. Debe la maharage, elfu hamsini. Mkungu wa ndizi wa kanda ya chini, elfu thelathini. Kila kitu na jina lake na tarehe yake, bila kupandisha sauti wala kuishusha, kama anayesoma majina ya marehemu mwezi wa kumi na moja.

Jina la tatu lilikuwa la mwenyekiti. Kanisa likatulia tuli. Mtoto mmoja akakohoa. Yule bwana wa mifuko hamsini akasimama kutoka benchi la mbele, akapapasa koti, akatoa noti tatu za elfu kumi, akaenda nazo mpaka kwenye meza ya katibu. Akataka kurudi kukaa.

"Subiri risiti, kaka," mama akamwambia, na akaanza kuandika.